Mara Tatu Nizwa: Utangulizi wa Elimu ya Maana za Maneno

Kijana mmoja wa darasa la tisa hapa Al Hamra, Oman, alikaa na bibi yake baada ya sala ya Alasiri, akimalizia kazi ya Kiingereza aliyotoka nayo shule. Alipewa neno moja tu, "time", na sentensi kadhaa zilizolitumia. Bibi huyu Kiingereza chake alikisomea Unguja kabla ya 1964, na ndiye msaidizi wa masomo nyumbani, kwa hiyo kazi ya mjukuu hupitia Kiswahili kwanza, hata kama kesho yake darasani itasomwa kwa Kiarabu. Kijana akafungua kamusi, akakuta "wakati", akaliandika mbele ya neno lake kwa wino, akapiga mstari chini yake. Sentensi ya kwanza ikakaa sawa. Ya pili akaifasiri hivi: "Baba alikwenda Nizwa nyakati tatu."

Bibi akaweka kikombe chake cha kahawa chini. "Mwanangu, mtu haendi Nizwa nyakati tatu. Huenda mara tatu. Nyakati tatu ni asubuhi, adhuhuri na jioni."

Kijana akatazama kamusi, akamtazama bibi. Kamusi haikusema uongo, na yeye hakukosea kunakili. Kosa liko mahali pengine, nalo ndilo mlango wa elimu ambayo kurasa hizi zinamkaribisha msomaji kuingia. Wataalamu huiita semantiki, yaani elimu ya maana, na dada yake ni leksikografia, kazi ya kutunga kamusi. Majina hayo yasimtishe mtu. Aliyewahi kumsahihisha mtoto kama alivyosahihisha bibi yule ameshaingia ndani, ila hakujua kwamba nyumba ina jina.

Kosa la kijana ni imani ambayo karibu sote tulikuzwa nayo: kwamba kila neno la lugha moja lina mwenzake katika lugha nyingine, kama viatu, na kazi ya mwanafunzi ni kumtafuta huyo mwenzake. Neno alilopewa linafaa kuivunja imani hiyo kuliko jingine lolote. Mwaka 2006 watunga kamusi wa Oxford walihesabu maneno katika hazina yao ya matini, maneno zaidi ya bilioni moja yaliyokusanywa kutoka kwenye vitabu, magazeti na mazungumzo ya mtandaoni, wakakuta kwamba katika majina yote ya Kiingereza, yaani nomino, hakuna linalotumika zaidi ya "time". Limewashinda mtu, mwaka, njia na siku. Jina linalotumika kuliko yote katika Kiingereza, na sisi waandishi wa kamusi tumelipa neno moja la kwanza mbele yake, kisha tukamwacha mtoto ajisomee.

Hebu tulifuate neno hilo linapoingia katika Kiswahili, tuone linavyotawanyika. Mwingereza akisema ameingia nyumbani mwako mara nyingi, "time" yake imekuwa mara. Akisema safari ya Muscat imechukua "time" mrefu, imekuwa muda. Akikuuliza kama una "time", anataka kujua kama una nafasi. Lakini akiongeza kineno kidogo kabla yake, kile cha "the", akakuuliza kama una "the time", hapo hakuulizi nafasi kabisa, anauliza saa ngapi. Mgeni asiyelijua hilo anaweza kumjibu mtu njiani, "Samahani, sina, nina haraka," na mwenye kuuliza akabaki na mshangao, maana alichotaka ni saa ya mkononi itupiwe jicho tu. Akizungumzia "times" za babu zake, ni zama, au enzi, au zamani zile. Akisema ni "time" ya kuvuna tende, ni msimu au majira. Akisema ni "time" yako kuingia kwa daktari, Kiswahili kinaweza kukuambia zamu yako imefika. Na akihesabu "three times three", hapo tu ndipo lugha hizi mbili zinapokutana bila kupangana, maana na sisi tunasema tatu mara tatu.

Swali la "Kiswahili cha time ni nini?" kwa hiyo halijibiki mpaka neno litajwe pamoja na majirani zake. Mwanaisimu wa Kiingereza J. R. Firth alilisema jambo hili kwa namna yake mnamo 1957: neno hutambulikana kwa wale linaotembea nao. Mimi naliamini zaidi ninapoliona katika lugha yetu. Neno "mara" likitembea na hesabu ni idadi ya vitendo; likisimama mwanzoni mwa sentensi ya hadithi, "mara akatokea chui", ni mshtuko; likirudiwa, "mara kwa mara", ni mazoea. Sauti ile ile, majirani mbalimbali.

Miaka kama arubaini kabla ya Firth, mihadhara ya Mswisi Ferdinand de Saussure ilichapishwa baada ya kufa kwake, mwaka 1916, na ndani yake mna mfano wa kondoo. Kifaransa kina neno moja kwa mnyama na nyama yake, Kiingereza kina mawili, basi neno la Kifaransa na la Kiingereza la mnyama hayawezi kuwa na thamani moja, hata yule kondoo akiwa ni yule yule. Sisi hatuhitaji kwenda malishoni Ulaya kulielewa hilo. Mpunga, mchele na wali kwa Mwingereza ni neno moja. Mtoto aliyezaliwa Leeds wa mama kutoka Pemba akisema amekula mchele, familia nzima hucheka kwa upendo, lakini kichwani mwake hakuna kilichoharibika. Amechukua mpaka wa Kiingereza na kuupitisha katikati ya chungu cha Kiswahili. Na hapa Oman wali huitwa aish, neno ambalo Cairo ni mkate, na ambalo lina asili moja na maisha yetu ya Kiswahili. Chakula kikuu cha kila mji kimelishika neno la uhai.

Maana, basi, ni mpaka. Neno halina kipande chake cha ulimwengu lilichokabidhiwa tangu azali. Lina sehemu linayoachiwa na wenzake. Ukiongeza neno jipya pembeni, la zamani hupungukiwa. Ukiondoa moja, jirani yake hutanuka. Jambo hili huwa gumu kwa wanafunzi wa chuo wanapolisoma kitabuni, na kwa miaka mingi nililifundisha vibaya, kwa michoro ya duara ubaoni. Nilikuja kupata njia ya kulieleza hapa Al Hamra, kwenye maji.

Chini ya mtaa wa kale wa nyumba za udongo, zile zilizoshikana mlimani na ambazo wenyewe wengi wamehamia nyumba mpya, kuna mashamba ya mitende. Mitende hiyo hainywi mvua, maana mvua hapa ni chache. Hunywa falaj, mfereji unaoleta maji kwa mteremko mdogo tu, bila pampu. Oman ina mifereji ya namna hii zaidi ya 3,000, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza mitano katika Urithi wa Dunia, mojawapo Falaj Daris ya Nizwa. Shina la neno lenyewe katika Kiarabu ni kupasua na kugawa. Falaj ni kitu kigawacho.

Lakini hugawaje? Mgeni hudhani kila shamba lina ndoo zake, au lita zake. Sivyo. Maji ya falaj hugawiwa kwa wakati. Mwenye haki hufunguliwa mfereji wote, maji yote yakaingia kwake, kwa kitambo alichonacho. Kikiisha, kizuizi kinahamishwa, maji yanakwenda kwa jirani. Mgao mmoja wa kawaida huitwa athar, nao ni takriban nusu saa. Athar ishirini na nne hufanya badda, nusu ya mchana na usiku. Mchana, kabla ya saa za mkononi, watu walisimamisha mti uwanjani na kusoma kivuli chake juu ya alama zilizowekwa ardhini. Usiku walisoma nyota zikichomoza au zikitua nyuma ya kilele fulani cha mlima. Na kwa kuwa mchana wa Desemba ni mfupi kuliko wa Juni, mgao wa kivuli hurefuka na kufupika na msimu.

Athar huuzwa. Hukodishwa, huwekwa mnadani, hurithiwa na watoto, huwekwa wakfu kwa msikiti. Mzee anaweza kufa akamwachia binti yake nusu saa. Nimelisema jambo hili mbele ya wanafunzi wa Kiswahili wa Dar es Salaam na wa Mombasa, na kila mara kuna anayeinua mkono kuuliza kama nimekosea kusema. Sikukosea. Nusu saa, ya kila mzunguko wa maji, milki kamili.

Sasa litazame neno lenyewe. Athar katika Kiarabu ni alama, ni nyayo zilizobaki mchangani baada ya mtu kupita. Mkulima wa huku kwetu Dakhiliyah amelichukua akalifanya nusu saa ya maji, na si ajabu, kwa kuwa nusu saa hiyo ilikuwa kweli alama ardhini, mahali kivuli kilipofika. Mswahili naye amelichukua neno hilo hilo, akaliongezea irabu, likawa athari: matokeo, madhara, kile ambacho jambo huacha nyuma yake. Athari za vita, athari za ukame. Bibi yule wa Al Hamra ana maneno yote mawili kinywani. Akizungumza na msimamizi wa falaj, athar ni dakika thelathini. Akigeuka kuzungumza nami, athari ni ubaya ulioachwa na kitu. Hachanganyi hata siku moja. Msimamizi mwenyewe huitwa wakil, na kijana aliyekulia Nairobi akisikia kwamba falaj ina wakili atadhani kuna kesi.

Ukilifuata "time" la Waingereza mpaka kwenye asili yake, wataalamu wa historia ya maneno hukurudisha kwenye shina la kale kabisa lenye maana ya kukata, kugawa. Ndugu yake wa karibu ni "tide", ambalo zamani lilikuwa na maana ya wakati, kisha likahamia baharini, likawa kujaa na kupwa kwa maji. Watu wa kisiwa chenye mvua nyingi na watu wa jangwa lenye mfereji, kila mmoja peke yake, wamelikuta jambo moja: wakati ni kitu kinachokatwa vipande, na maji ndiyo yanayokionyesha. Sisemi kwamba mmoja alimfunza mwingine. Nasema kwamba mwanafunzi wa maana akipata sadfa kama hii asiharakishe kuipita.

Mwaka 1980 George Lakoff na Mark Johnson walionyesha kwamba Waingereza huzungumzia wakati kwa maneno ya fedha: hutumia wakati, huweka akiba ya wakati, hupoteza wakati, huwekeza wakati. Kitabu chao kilisifiwa kwa haki. Lakini kwao fedha hiyo ni sitiari, namna ya kufikiri. Kwenye falaj si sitiari, ni bei. Na Kiswahili cha pwani kilipotaka kuonya watu kuhusu wakati hakikuufanya fedha bali ukuta: wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia mwenyewe. Mwenye fedha anaweza kuwa bahili au mbadhirifu, mwenye ukuta mbele yake anaweza tu kuuheshimu. Ukitaka kujua watu wanaonaje wakati, anza na vitenzi wanavyouambatanisha nao, usianze na jina.

Ila usiishie hapo pia, na hili nalisema kwa sababu mmoja wa wakubwa wetu aliishia karibu na hapo. John Mbiti, mwanateolojia Mkenya, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, "sasa" na "zamani", akayafanya nguzo za hoja yake kwamba Mwafrika wa jadi huona wakati ukirudi nyuma, na kwamba wakati ujao kwake ni mfupi mno. Namheshimu Mbiti sana. Aliwafanya wanafalsafa wa dunia wayatazame maneno yetu kama maneno yenye fikra. Lakini maneno mawili hayabebi bara zima. Kwanza, zamani ni neno la Kiarabu ambalo kwao ni wakati wowote, uliopita au uliopo, na ni sisi tuliolisukuma nyuma. Pili, muulize bibi wa Al Hamra lini mafundi watarudi kupaka nyumba, atakuambia kesho, au kesho kutwa, au mtondo, au mtondogoo. Siku ya nne mbele ina jina lake, neno zima, halikuungwa na hesabu. Kiingereza chenye mabilioni yake hakina. Je, tuseme Waingereza hawaoni siku nne mbele? La. Tuseme tu kwamba lugha haipimi upeo wa macho ya watu kwa idadi ya maneno yake, ya kwetu wala ya kwao.

Saa nayo ina mambo yake. Katika nyumba ile ya Al Hamra, kengele ya simu ikilia asubuhi, kijana husema kwa Kiarabu ni saa tisa, kwa Kiingereza vilevile ni tisa, na bibi kutoka jikoni humjibu kwamba ndiyo, saa tatu. Tatu na tisa, na wote wawili wanajua jua liko wapi. Bibi anahesabu tangu mapambazuko, kama watu wa pwani wanavyohesabu, na usiku tangu jua kuchwa. Hesabu hii huenda sawa karibu na ikweta, ambako mchana na usiku karibu ni sawa mwaka mzima. Huku juu, wakati wa baridi, huyumba kidogo, lakini bibi haibadilishi. Siku za wiki pia ni zake: Jumatano ni siku ya tano, na kesho yake ni Alkhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano. Lugha yetu ina siku mbili za tano zinazofuatana na haijawahi kuumwa na kichwa kwa ajili hiyo.

Watu waliotangulia katika kazi hii walikuwa na subira ambayo sisi wenye kompyuta hatuna. Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, wa kabila la Azd, ambaye Waomani humhesabu kuwa wao, alifanya kazi Basra katika karne ya 8 akatunga kamusi ya kwanza ya Kiarabu, Kitab al-Ayn. Hakufuata alif, be, te. Alianza na ain, herufi itokayo kooni, akapanda mpaka midomoni. Kwa kila fungu la herufi aliandika miundo yote inayowezekana, akatenganisha ile ambayo Waarabu huitumia na ile waliyoiacha. Aliandika hata maneno yasiyokuwepo, ili mipaka ya yaliyopo ionekane. Kwa upande wetu, A. C. Madan wa misheni ya UMCA alitoa kamusi yake ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, ya Frederick Johnson ikafuata mwaka 1939, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ikatoa yake mwaka 1996. Kamusi kubwa ya Oxford ya James Murray, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka 1884 na ya mwisho 1928, ilijengwa kwa vipande vya karatasi. Watu wa kujitolea walisoma vitabu, wakanakili sentensi moja moja penye neno la kuvutia, wakavituma kwa posta. Maana haikuamuliwa na mtu mezani. Ilisomwa kutoka kwenye rundo la sentensi. Leo Arvi Hurskainen wa Helsinki ametukusanyia korpasi, yaani hazina ya matini, ya Kiswahili, na mtu anaweza kuuliza "muda" linatembea na nani, na "wakati" linatembea na nani, akajibiwa papo hapo. Lakini anayeanza hahitaji mashine. Anahitaji daftari.

Huko Bahla, jirani zetu, mwanaanthropolojia Mandana Limbert alikaa na watu, akaandika juu ya dini, kumbukumbu na maisha ya mji ule, maji na Unguja vikiwemo. Kitabu kikatoka 2010 na katika jina lake limo "time": "In the Time of Oil". Nimewapa wanafunzi wangu walifasiri jina hilo, na sijaona zoezi linalowafungua macho kama hili. "Wakati wa Mafuta" linasikika kama saa ya kwenda sheli. "Muda wa Mafuta" ni kama mkataba. "Majira ya Mafuta" yanaahidi kwamba yatarudi mwakani, na hayatarudi. Mimi nimeshikilia "Katika Zama za Mafuta", kwa kuwa zama zina mwanzo na huhisiwa kuwa zina mwisho, na hisia hiyo ndiyo kitabu kizima. Mwanafunzi mmoja alipendekeza "Enzi", akatetea vizuri, tukabishana mpaka Magharibi. Sikumshinda.

Kijana wa Al Hamra bado ana daftari lake. Ule mstari aliopiga chini ya "wakati" upo, lakini ukurasa umejaa: mara, muda, nafasi, saa, zama, zamu, na mbele ya kila moja sentensi nzima, nyingine kwa mkono wa bibi, herufi za kulala za shule za Unguja. Athar pia imo, ukingoni, na mchoro wa mti na kivuli. Juzi nilipowapitia alikuwa amefungua ukurasa mpya, ameandika juu yake "way", jina la nne kwa wingi katika hesabu ile ya Oxford.

"Bibi, Kiswahili chake nini?"

"Nisomee kwanza sentensi," bibi akasema.